Tuuzieni gemu tutakayobaki nayo: barua ya wazi kwa wakuu wa studio za gemu za risasi

Waheshimiwa wakuu wa studio na wa kampuni zinazotoa gemu za risasi,

Salaam kwenu. Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Gemu zenu nazinunua zinapotoka, nazicheza mpaka mwisho, na zile nzuri nazirudia hata baada ya wenzangu kuhamia nyingine. Nazungumzia gemu zile ambazo mchezaji haoni mwili wake mwenyewe: anaona mikono na bunduki mbele ya macho, na mengine yote anayaona kama anavyoyaona mhusika. Hakuna aina ya gemu ninayoipenda kuliko hii. Ndiyo sababu nimeamua kuwaandikia ninyi mnaokata shauri, maana malalamiko yetu sisi kwa sisi hayajabadilisha kitu.

Jambo langu ni moja. Gemu zinazotoka siku hizi ni tamu kucheza, pengine kuliko wakati wowote tangu aina hii ianze, lakini tunazilipia bila kuzipata. Zinabaki kwenu. Mnaweza kuzifunga, kuzikatia mtandao, kuzipunguza au kuzifuta kabisa, na sisi tuliotoa pesa hatuna pa kusemea.

Kabla sijafika huko, niwape haki yenu.

DOOM: The Dark Ages ilipotoka tarehe 15 Mei 2025, nilikuwa na wasiwasi. DOOM Eternal ya 2020 ilimfundisha mchezaji kurukaruka asitulie, na mimi niliipenda hivyo hivyo. Hawa id Software, studio inayotengeneza DOOM, wakageuza kila kitu: safari hii wamekupa ngao na kukuambia usimame. Adui anarusha tufe la kijani. Hulikimbii. Unalisubiri likaribie hadi moyo unakwambia umechelewa, ndipo unainua ngao, na tufe linarudi lilikotoka kwa kishindo ambacho unakisikia mpaka kwenye vidole vilivyoshika kidhibiti. Ukiitupa ngao hiyo, inageuka msumeno unaomng'ang'ania adui kifuani huku wewe ukishughulika na mwingine. Lililonifurahisha zaidi liko kwenye mipangilio, mahali ambapo wengi hawafiki: unaweza kurefusha au kufupisha muda unaopewa wa kurudisha pigo, ukaongeza au kupunguza kasi ya gemu yenyewe, ukapanga ukali wa maadui. Mwenye vidole vizito na mwenye vidole vyepesi wote wanapata raha ileile. Aliyebuni hilo anawajua wachezaji.

Battlefield 6 nayo, ya tarehe 10 Oktoba 2025, ilirudisha heshima. Tunaokumbuka Battlefield 2042 ya Novemba 2021 tunajua ilivyotuvunja moyo: haikuwa na kampeni, yaani hadithi ya kucheza peke yako, ubao wa alama tuliouzoea haukuwapo ilipotoka, na vikosi vya askari wa kazi mbalimbali vilikuwa vimebadilishwa kuwa watu maarufu wenye majina na maneno ya mbwembwe. Toleo hili limerudisha kazi zile nne, yaani mshambuliaji, fundi, msaidizi na mpelelezi, na limeongeza jambo dogo ambalo kwangu mimi ndilo gemu yenyewe. Mwenzako akianguka barabarani, unaweza kumshika na kumburuta hadi nyuma ya ukuta huku ukimfufua. Unarudi kinyumenyume. Bunduki haina kazi, risasi zinachimba lami mbele yako, na unayemburuta ni mtu usiyemjua jina wala lugha. Akisimama, mara nyingi hageuki hata kushukuru, anakimbilia vitani. Bado ni dakika nzuri kuliko kuua watu kumi.

Tena walisikiliza. Kwenye jaribio la wazi la Agosti 2025, watu walilalamika kwamba kuteleza na kuruka mfululizo kunampa mtu kasi isiyo na maana, na gemu ilipotoka kasi hiyo ilikuwa imepunguzwa. EA, kampuni inayoitoa, wenyewe walitangaza nakala zaidi ya milioni 7 katika siku tatu za kwanza. Kumbe kusikiliza kunalipa.

Hata Call of Duty: Black Ops 7, ambayo nina ugomvi nayo mkubwa, ilifanya jambo ambalo tulilipigia kelele kwa miaka. Ilipotoka tarehe 14 Novemba 2025, njia ya kawaida ya kupanga wapinzani haikuwa tena ikikubana kwa watu wa kiwango chako kila mechi, na lobi, kile chumba cha mtandaoni wachezaji wanamokusanyika, haivunjwi mechi inapoisha. Mnabaki pamoja. Aliyekuua mara ya mwisho unamkuta hapohapo, mnaanza upya, na baada ya mechi kadhaa mmeshajuana tabia: huyu anajificha madirishani, yule hawezi kuacha kukimbilia katikati. Mtu wa nje anaweza kuona ni kitu kidogo. Urafiki wangu mwingi wa kwenye gemu ulianzia kwenye lobi za namna hiyo, na zilipoondolewa nilihisi nimehamishiwa kwenye kituo cha basi.

Sasa ugomvi.

Kampeni ya hiyo Black Ops 7 ilitengenezwa ichezwe na watu hadi wanne. Sina neno juu ya hilo. Lakini ilipotoka, hata ukiicheza peke yako ilidai intaneti muda wote, na hukuweza kuisimamisha. Nataka mkae na jambo hili kidogo, maana naona limepita kana kwamba ni la kawaida. Kitufe cha kusimamisha gemu ndicho kinachomwezesha mtu mzima mwenye familia kucheza. Mtoto akilia, mlango ukigongwa, simu ya kazini ikilia, unabonyeza, dunia ile inasimama, unakwenda unarudi. Mhusika wako hafi kwa sababu wewe ni mzazi. Kampeni za gemu za risasi zimekuwa na kitufe hicho tangu zamani. Kukiondoa katika hadithi anayoicheza mtu mmoja, kwenye chumba chake, bila mpinzani yeyote wa kweli upande wa pili, ni kumwambia kwamba muda wake si wake. Na intaneti ikiyumba, hadithi uliyoinunua inakutoa nje.

The Dark Ages niliyoisifu hapo juu haina hata hali ya kushindana mtandaoni. Ni gemu ya mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pamoja na hayo, diski yake ya PlayStation 5 ilikuwa na kama megabaiti 85 tu. Gemu yenyewe unaipakua. Anayenunua diski ananunua kwa sababu: ana intaneti dhaifu, au anataka kumwazima rafiki, au anataka kuja kuitoa kabatini uzeeni akiwa na konsoli yake ya zamani. Diski ya megabaiti 85 haimtimizii hata moja kati ya hayo ila la kumwazima rafiki, na huyo rafiki naye lazima apakue. Siku duka la mtandaoni unakoipakua litakapofungwa, kilichobaki mkononi ni plastiki yenye picha nzuri.

Mnaweza kusema natia chumvi, kwamba seva za gemu kubwa, yaani kompyuta zenu zinazounganisha wachezaji mtandaoni, hazifungwi ovyo. Concord, gemu ya risasi ya kucheza mtandaoni tu, ilitoka tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba ilikuwa imezimwa. Wiki mbili. Walionunua walirudishiwa pesa, na hilo lilikuwa jambo la haki, nalisema wazi. Ila studio iliyoitengeneza, Firewalk, ilifungwa mwezi Oktoba mwaka uleule, na kazi ya miaka ya wachoraji, watunzi wa muziki na mafundi wa uhuishaji ikatoweka isionekane tena na mtu. Mimi sikuipenda Concord sana kwa wahusika wake. Bunduki zake lakini zilikuwa na uzito na mlio wa watu wanaojua kazi, na ningetamani mwanafunzi anayejifunza kutengeneza gemu leo aweze kuifungua aone ni nini kilifanyika vizuri na nini hakikufanyika. Mwishoni mwa 2025 wachezaji wachache wenye ujuzi walifaulu kuiamsha kwenye seva yao wenyewe. Hawakuwa wakimwibia mtu mauzo, kwa kuwa gemu haikuwa ikiuzwa popote. Video walizoonyesha zikaanza kuondolewa YouTube kwa madai ya hakimiliki. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Kuizima mlikuwa na sababu zenu za biashara. Kuwazuia watu kuikumbuka sijaielewa sababu yake mpaka leo.

XDefiant ya Ubisoft ilitoka tarehe 21 Mei 2024, ikazimwa tarehe 3 Juni 2025. Ilikuwa ya bure kuicheza, ndiyo, lakini ndani mlikuwa na duka, na watu waliipa jambo ghali kuliko pesa: mwaka mzima wa kujifunza kila kona ya ramani zake. Ujuzi huo hauna pa kwenda.

Mimi mwenyewe ninayo gemu ya namna hiyo, jina sitalitaja. Alama yake bado iko kwenye skrini yangu ya nyumbani kati ya gemu nyingine zilizo hai. Ukiibonyeza, nembo ya studio inatokea, muziki unaanza, ule muziki wa ngoma nzito uliokuwa ukinipandisha mori kila jioni, kisha maandishi ya kuunganisha yanazunguka, yanazunguka, mpaka ujumbe unakuja kuniomba nijaribu tena baadaye. Ramani ziko kwenye hifadhi ya mashine yangu. Bunduki ziko. Sauti ziko, nazisikia. Kinachokosekana ni ruhusa tu.

Naomba mkumbuke aina hii ya gemu ilikuaje, kwa sababu nadhani mmeanza kuisahau historia iliyowalisha. DOOM ya kwanza ilipotoka tarehe 10 Desemba 1993, sehemu yake ya kwanza ilitolewa bure, watu wakaambiwa wainakili na kuigawa. Mafaili ya ramani yalipangwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida angeweza kutengeneza zake. Mwaka 1997 id Software wakatoa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Matokeo yake ni kwamba gemu yenye zaidi ya miaka 30 bado inachezwa, bado inatungiwa ramani mpya, na inafunguka kwenye karibu kila mashine yenye kioo. Hakuna anayelipia seva ya kuifanya iishi.

Quake ya 1996 ilizaa Team Fortress, kazi ya wachezaji watatu wa Australia, na kampuni ya gemu ya Valve ikawachukua watengenezaji wake. Half-Life ya 1998 ilizaa Counter-Strike, iliyoanza 1999 mikononi mwa Minh Le na Jess Cliffe kama marekebisho tu ya gemu ya watu wengine, na Valve wakaitoa rasmi mwaka 2000. Leo mashindano yake yanajaza kumbi. Hata hali ile ya kushuka na parashuti watu wengi, akabaki mmoja, ambayo kampuni nyingi kubwa zimeipokea, haikuzaliwa kwenye kikao chochote cha wakurugenzi. Ilitoka kwa Brendan Greene, mtu aliyekuwa akirekebisha DayZ, ambayo nayo ilikuwa marekebisho ya gemu ya kijeshi ya Arma 2. Gemu yake ya PUBG ikaja 2017, Warzone ya Call of Duty ikafuata Machi 2020. Mapato yale yote yana mizizi kwenye gemu ambazo wenyewe waliziacha wazi ili wachezaji waingize mikono.

Sasa niulizeni gemu gani kati ya zile kubwa za 2025 inayoweza kuzaa Counter-Strike nyingine. Naiona moja inayokaribia. Portal ndani ya Battlefield 6 inampa mchezaji zana za kujenga hali zake, na humo ndimo ilimobaki orodha ya seva, ile ambayo zamani ulikuwa unaipitia mwenyewe na kuchagua pa kuingia. Nawapongeza kwa hilo bila kinyongo. Lakini seva hizo nazo zinakaa kwenu, siku mkizima mmezima, na hali za kawaida za gemu zimebaki kwa mfumo wa kukupangia. Kwa nini orodha ya seva ifungiwe kwenye chumba cha pembeni? Mchezaji anayetaka kurudi kila jioni kwenye seva ileile, yenye msimamizi anayemjua na sheria anazozikubali, anafanya kosa gani?

Najua majibu yenu, maana yameshatolewa. Ubisoft walipoizima The Crew mwaka 2024, gemu ya magari, mtu mmoja aitwaye Ross Scott alianzisha harakati ya Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Video Games Europe, chombo kinachowasemea, kikajibu kwamba seva za watu binafsi haziwezekani kila mara, kwa sababu ulinzi mnaouweka juu ya data za wachezaji na dhidi ya maudhui haramu haungekuwapo, na lawama ingewarudia wenye haki.

Hoja hiyo naichukulia kwa uzito, kwa sababu usalama wa watoto kwenye mazungumzo ya sauti ni jambo la kweli. Lakini hebu tuangalie kilichotokea pale wachezaji walipoachiwa au walipojiachia wenyewe. Titanfall 2, ambayo mwaka 2016 ilitolewa katikati ya Battlefield 1 na Call of Duty ikabanwa pumzi, ilikuja kuteswa na mashambulizi kwenye seva zake kwa muda mrefu. Titanfall ya kwanza iliondolewa sokoni Desemba 2021. Mwezi huohuo wachezaji wakatoa Northstar, programu inayowezesha mtu yeyote kuendesha seva ya Titanfall 2, na gemu ikapumua tena. Sijasikia kampuni ikishtakiwa kwa sababu hiyo. Valve walitoa msimbo wa Team Fortress 2 kwa watengenezaji Februari 2025, na hawajafilisika. Unreal Tournament ya 1999 inaendelea kutengenezewa masasisho na wapenzi wake wa OldUnreal kwa ruhusa ya Epic, wenye gemu hiyo. Na mnakumbuka Julai 2023, mfumo wa kutafuta wapinzani ulipotengenezwa kwa Call of Duty za zamani kwenye Xbox 360? Watu walirudi kwa maelfu, bila tangazo, bila msimu mpya, bila zawadi ya kuingia kila siku. Walirudi kwa sababu gemu ilikuwa nzuri na mlango ulikuwa wazi.

Tena harakati ile haijawataka mlipie seva milele. Inachotaka ni gemu iachwe katika hali ya kuchezeka mnapoondoka. Kwa gemu ya risasi hilo linamaanisha mambo ambayo aina hii iliyajua tangu utoto wake: maadui wanaoendeshwa na kompyuta ili mtu acheze ramani peke yake, mchezo wa mtandao wa nyumbani, na programu ya seva inayoweza kuendeshwa na yeyote. Najua kuyatenganisha mambo hayo na mifumo yenu ya akaunti baada ya gemu kukamilika ni kazi kubwa. Ndiyo maana naomba iwe kwenye mipango tangu siku ya kwanza, wakati bado ni rahisi.

Kuhusu wachakachuaji, wale wanaotumia programu za kudanganya kwenye gemu: nawachukia kama ninyi, labda zaidi, maana mimi ndiye ninayeuawa nao kupitia ukuta. Nimekubali kuwasha Secure Boot, kinga inayokagua programu kompyuta inapowaka, kwenye kompyuta yangu kwa ajili ya Battlefield 6. Nimekubali programu za ulinzi zinazoingia hadi kiini cha mfumo endeshi, ingawa roho haikutulia, na nawaonea huruma wanaotumia mfumo endeshi wa Linux waliofungiwa nje moja kwa moja. Kwenye mashindano, sawa. Kwenye kampeni ya mtu mmoja hakuna wa kuibiwa ushindi. Akijipa risasi zisizokwisha amemdhuru nani? Ulinzi wa namna hiyo usiletwe kama sababu ya kuifunga hadithi kwenye mtandao.

Kuna suala la skini pia, yaani mavazi na mapambo ya wahusika na silaha yanayouzwa ndani ya gemu. Agosti 2025 ilitangazwa kwamba vitu vya namna hiyo vilivyonunuliwa kwenye Black Ops 6 havitahamia Black Ops 7, baada ya watu kuambiwa awali kwamba vingehamia. Sababu iliyotolewa, kulinda sura halisi ya Black Ops, mimi naikubali, kwa sababu vita vyenye askari waliovaa kama vikaragosi vinanitoa kwenye hali. Ila kama mlijua sura halisi ni muhimu hivyo, mngeliuza vile vitu vya nini?

Ukubwa wa mafaili nitaugusa tu. Helldivers 2, ambayo ni ya risasi ingawa unamtazama mhusika kutoka mgongoni, ilikuwa imefika karibu gigabaiti 154 kwenye kompyuta. Mwishoni mwa 2025 waliondoa data zilizorudiwarudiwa, ikashuka hadi kama 23. Basi inawezekana. Anayepakua kwa intaneti ya kubahatisha anawaomba mjaribu. Na The Dark Ages kudai kadi ya picha yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga, bila njia ya kuuzima, kuliwaacha nje wenye kadi kama GTX 1080 Ti, ambazo kwa gemu nyingine nyingi bado zina nguvu. Mwanga wa gemu ile ni mzuri kweli, sikatai. Ningependa tu mchezaji apewe nafasi ya kuchagua.

Nirudi kwenye langu. Sheria zimeanza kuwafuata: California tangu Januari 2025 inawabana wanaouza bidhaa za kidijitali wasitumie neno la kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wameshaweka tangazo la namna hiyo kwenye malipo. Ni hatua, lakini inanipa ukweli bila kunipa gemu. Nisingependa mwisho wa safari uwe kila duka kuandika kwa herufi ndogo kwamba hakuna chetu.

Ninawaomba haya kwa gemu zenu zijazo. Kampeni ichezwe bila intaneti na isimame ninapoisimamisha. Diski ikiuzwa, gemu iwe ndani yake, hata kama ni ile ya siku ya kwanza yenye kasoro zake. Orodha ya seva irudi mlango wa mbele. Na kwenye ukurasa wa duka, karibu kabisa na kitufe cha kulipia, niandikieni seva mmeahidi kuziweka hadi mwaka gani angalau, na siku mtakapoziondoa mtatuachia nini. Msiandike kwenye mkataba wa kurasa nyingi ambao tunaupitisha haraka kwa kidole. Pale pale kwenye bei.

Studio itakayokuwa ya kwanza kuandika hivyo, na ikaandika tarehe ya kweli, nitainunua gemu yake siku inayotoka, kwa bei kamili, na lobi yangu yote nitaivuta nije nayo.

Wenu katika mchezo,
Mchezaji na mteja